Mavyaa alikataa kutoka maji yalipoingia, na mwanangu sasa anaikimbia bahari

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mama wa watoto wawili, mvulana wa miaka 9 na msichana wa miaka 4. Nimeolewa Mshomoroni, na tunakaa katika nyumba aliyoiacha baba mkwe wangu, bondeni kabisa, karibu na hori ya Tudor. Ukisimama uani kwetu unaiona mikoko. Mume wangu ni mvuvi na usiku mwingi hulala baharini, kwa hivyo nyumbani huwa tuko mimi, watoto na mavyaa, ambaye ameshapita miaka 70 na magoti yanamsumbua.

Wakati wa mvua za El Niño, mwezi wa Novemba 2023, maji yaliingia ndani. Kilichoniamsha ni kandambili zikigonga mguu wa kitanda. Nilidhani ni panya. Niliposhusha miguu nikakanyaga maji. Ilikuwa karibu na alfajiri. Nakumbuka kwa sababu adhana ilinikuta tayari niko nje na watoto. Mwezi ulikuwa umeandama siku mbili tatu tu, nje kiza kitupu, na ndani stima zilikuwa bado zinawaka.

Nilimfunga mdogo mgongoni kwa leso, nikamshika mkubwa mkono, nikaenda chumbani kwa mavyaa. Nilimkuta ameketi kitandani, miguu ameipandisha, tasbihi mkononi. Nikamwambia, "Mama, tutoke." Akanijibu, "Maji haya nayajua, yatakuja na yataondoka. Mlinzi ni Mungu. Tulia, usiwatie watoto hofu." Nilimbembeleza sana, Shangazi. Maji yalikuwa yameshafika magotini mwa mwanangu. Nikatoka na watoto. Nilipanda nao mpaka msikitini, nikawaacha na akina mama waliokuwa wamekusanyika pale, nikawaomba vijana wawili wakamchukue mavyaa. Walimleta juu ya kiti cha plastiki, mmoja huku mmoja kule, hana hata ushungi kichwani. Siku ile hakunitazama usoni.

Tangu hapo kila mgeni akija anaambiwa, "Huyu aliniacha nife." Mume wangu naye ananiambia ningekaa na mamake, kwamba yeye angekuwepo angejua la kufanya. Lakini hakuwepo.

Mimi nikaamua maji hayatanikuta tena nimelala. Nina begi nyuma ya mlango. Utabiri wa hali ya hewa naufuatilia kila siku. Masika ya 2024, ilipotangazwa habari ya Kimbunga Hidaya, watoto niliwalaza na nguo zao za kutokea. Kwetu hakikutokea kitu, na mawifi zangu wakanicheka. Mavyaa anasema ninajiitia nuksi, kwamba jambo likitajwa sana huja. Nimewafundisha watoto kila nililoweza kusoma: tetemeko la ardhi, radi, tsunami, alama zake na wapi pa kukimbilia.

Sasa lililonikata maini ni hili. Jumapili moja tulikwenda sote ufuo wa Jomo Kenyatta. Maji yalikuwa yamekupwa, yako mbali kabisa, mwamba uko wazi. Mwanangu alisimama akatazama, akapiga ukelele, akamkamata dadake mkono na kukimbia naye kuelekea barabarani, katikati ya wauza madafu na ngamia. Tulimkuta kando ya lami analia, anasema bahari imerudi nyuma na sasa itakuja. Mume wangu aliona haya mbele za watu. Aliniambia, "Umemharibu. Mtoto wa mvuvi anaikimbia bahari." Na usiku mvulana huyu huamka akaniuliza maji yamefika wapi.

Nataka tuhame, tupange hata chumba kimoja upande wa juu. Mume wangu hataki kusikia: hatamwacha mamake, wala hatalipa kodi na nyumba ipo. Dadangu anayekaa Changamwe ameniambia nije na watoto nikae kwake mpaka mvua ziishe. Nikienda, wataniambia nimekimbia tena. Nikikaa, na maji yaje usiku mume wangu yuko baharini? Je, ni mimi niliyezidisha wasiwasi, au wao ndio hawataki kuona?

Mama Wawili, Mombasa

SHANGAZI ANAJIBU

Marahaba, mwanangu. Pole kwa usiku ule, na pole kwa haya yaliyofuata, maana naona yamekuumiza kuliko maji yenyewe. Uliwatoa watoto wawili kwenye maji gizani, kisha ukatafuta watu wa kumtoa mavyaa wako, na wote mko hai. Hilo nalisema mwanzo kwa sababu katika barua yako yote hakuna mtu aliyekuambia.

Umeniletea mambo matatu yaliyofungwa pamoja: nyumba iliyo mahali pa hatari, ugomvi wa nani ana haki ya kusema "tutoke", na mtoto mwenye hofu. Ukiyavuta yote kwa mpigo yatakaza zaidi, kwa hivyo niruhusu niyafungue moja moja, na mengine nitakuuliza badala ya kukujibu.

Unauliza kama umezidisha wasiwasi. Wasiwasi wa nini hasa? Katika barua umetaja mafuriko, kimbunga, tetemeko, radi na tsunami kana kwamba ni adui mmoja, na nadhani hapo ndipo usingizi wako unapopotelea. Hatari hizi hazina uzito mmoja kwa mtu anayekaa Mshomoroni. Mafuriko yameshaingia chumbani kwako na yanaweza kurudi msimu wowote wa masika au vuli. Kimbunga ni nadra kwetu. Ili upepo uzunguke na kuwa kimbunga unahitaji msukumo wa mzunguko wa dunia, na karibu na ikweta msukumo huo ni mdogo; Mombasa tuko kama nyuzi 4 tu kusini mwa ikweta. Hidaya kilipiga upande wa kisiwa cha Mafia, Tanzania, Mei 4, 2024, na sisi tulipata upepo na mawimbi makubwa. Tahadhari ilitolewa na mamlaka, kwa hivyo hukuwa na kosa kuwalaza watoto na nguo zao, hata kama mawifi walicheka. Matetemeko hutufikia pia, mara nyingi yakiwa yamekwisha nguvu, kama lile la Agosti 12, 2020 lililoanzia baharini upande wa Tanzania. Mtikisiko ukija, jambo la kufanya ni kuinama chini ya meza imara, kufunika kichwa na kushikilia mpaka utulie. Wanaokimbilia mlangoni ndio huangukiwa na matofali na vioo. Na radi: ukisikia ngurumo, ingia ndani, usisimame chini ya mti wala ndani ya maji, na ungoje nusu saa baada ya ngurumo ya mwisho.

Tsunami nitaieleza kwa urefu, kwa ajili ya mwanao.

Desemba 26, 2004, tetemeko la ukubwa wa 9.1 lilitokea baharini karibu na Sumatra, Indonesia. Kwetu ilikuwa karibu saa kumi za alfajiri. Wimbi lilivuka Bahari ya Hindi yote na kutufikia mchana, saa nyingi baadaye, na kwa sababu ya saa hizo watu waliwahi kuondolewa kwenye fuo zetu. Nchi zilizopigwa walikufa watu zaidi ya 220,000. Somalia, ambako onyo halikufika, walikufa karibu 300. Hapa Kenya alikufa mtu mmoja. Tangu wakati huo Bahari ya Hindi imewekewa mfumo wa kutoa tahadhari. Kwa hiyo tsunami itokayo mbali kama ile inakuja na nafasi ya kuondoka, ikiwa mtu atasikiliza redio na kutii.

Sasa mwanao. Ulimfundisha kwamba bahari ikirudi nyuma, kimbia. Alipoona imerudi nyuma, alimshika dadake mkono akakimbia kuelekea juu bila kugeuka kutazama. Mtoto wa miaka 9! Alifanya vile vile alivyofundishwa, na kwa moyo wa kishujaa. Je, kuna aliyemwambia hivyo siku ile, au alisikia tu kwamba ameharibika? Phuket, Thailand, siku ile ya 2004, msichana Mwingereza wa miaka 10 aitwaye Tilly Smith aliona maji ya ufuo yakifanya povu na kwenda yasivyo kawaida, akakumbuka somo la jiografia alilosoma wiki mbili kabla, akawashikilia wazazi wake mpaka watu wakaondolewa ufuoni. Mwanao ni mtoto wa namna hiyo. Funzo alilopewa limepungukiwa na sehemu moja tu, na sehemu hiyo anayo babake.

Bahari yetu hupwa na kujaa mara mbili kila siku. Wakati wa bamvua, yaani siku za mwezi mwandamo na mwezi mpevu ambapo bahari hujaa na kupwa kuliko kawaida, maji ya Mombasa hushuka zaidi ya mita 3, na mwamba wote ukaonekana. Lakini huchukua kama saa sita kushuka, polepole, kwa wakati ambao mvuvi yeyote anaujua kabla haujafika. Bahari inayovutwa na tsunami huondoka kwa dakika chache, nje ya saa yake, na huacha wazi mahali ambapo hata bamvua haipafikii. Huenda kukawa na mngurumo mkubwa, au kabla yake ardhi ikatikisika kwa muda mrefu mpaka watu wakashindwa kusimama. Hapo ndipo pa kukimbia juu bila kungoja kutangaziwa, na wala si kurudi baada ya wimbi la kwanza, kwani linalofuata laweza kuwa kubwa zaidi na mawimbi yanaweza kuendelea kwa saa nyingi. Tena hupanda kwenye hori, kwa hivyo na kando ya mikoko si mahali pa kusimama kutazama.

Mvulana asiyejua bamvua ni nini hawezi kutofautisha. Unaonaje ukimwomba mume wako, bila kurudia maneno ya siku ile, amchukue mwanawe ufuoni siku ya mwezi mpevu, wapige kijiti mchangani pale maji yalipo, wakae watazame? Huyu baba anajua bahari kwa miaka mingi, na katika barua yako yote elimu yake haikutajwa hata mara moja. Sikulaumu, mtu aliyeambiwa "umemharibu" hawezi kwenda kuomba msaada kwa furaha. Lakini pengine hasira yake ina kitu ndani. Usiku ule mamake na watoto wake walikuwa majini naye yuko nje. Mwanamume anaweza kulibeba hilo kwa muda mrefu akalitoa kwa mlango wa lawama. Mimi simjui, wewe unamjua. Na kuna jambo moja la kumwambia yeye mwenyewe kama mvuvi: tsunami ikitangazwa naye yuko nje kwenye kilindi, abaki huko huko. Kwenye maji marefu wimbi hilo hupita chini ya chombo bila kusikika sana. Linaloua ni kukimbilia pwani.

Kama mtoto ataendelea kuamka usiku, akakojoa kitandani, akakataa shule au chakula, usimngojee akue. Mpeleke hospitali muulize mshauri wa watoto. Yeye naye alikuwa ndani ya maji yale, akiwa na miaka 7, na hofu yake haikuanzia kwenye mafunzo yako peke yake.

Nije kwa mavyaa. Unasema hataki kuona. Nimesoma maneno yake mara kadhaa: "Maji haya nayajua, yatakuja na yataondoka." Mtu asemaye hivyo ameona kitu. El Niño ya 1997 alikuwa mtu mzima. Je, umewahi kumuuliza maji ya mwaka ule yalifika wapi? Yaliingia kwa upande gani? Nyumba ipi iliondoka, na nani walikimbilia wapi? Kuna kisiwa kiitwacho Simeulue, Indonesia, kilicho jirani kabisa na mahali tetemeko la 2004 lilipoanzia. Wimbi liliwafikia kwa dakika chache, hakukuwa na king'ora wala redio ya kuwahi. Kisiwa kile kilikuwa na watu zaidi ya 70,000, na waliokufa walikuwa 7. Walikuwa wamepigwa na wimbi kama hilo mwaka 1907, na mabibi zao wakaendelea kuwasimulia wajukuu: ardhi ikitikisika sana na bahari ikarudi, panda mlimani. Watoto walikua na kisa hicho, wakazeeka nacho, wakawapa wengine.

Huenda nyumbani kwako unaye bibi wa namna hiyo na hakuna aliyemketisha barazani akamsikiliza. Ukimsikiliza kwanza, labda naye atasikia upande wako, ambao ni huu: maji anayoyajua yeye si haya ya leo. Tangu 1997 kumejengwa sana huko juu, ardhi iliyokuwa ikinywa mvua imefunikwa kwa saruji, na mifereji imejaa plastiki. Mvua ile ile sasa huteremka bondeni upesi zaidi. Hilo halimkanushi.

Lingine nakuuliza kwa upole. Ulipomwambia "tutoke", alijua anakwenda wapi? Mwanamke wa zaidi ya miaka 70, magoti hayamsikii, kabla ya alfajiri, hana buibui wala ushungi, hajui choo atakwenda cha nani. Ukasema mwenyewe kwamba alibebwa juu ya kiti mbele za watu, kichwa wazi. Pengine "aliniacha nife" ni aibu ile inayosema. Mwenye kovu usidhani kapoa. Kama ndivyo, kumwonyesha utabiri wa hali ya hewa kwenye simu hakutamgusa hata kidogo. Lakini angeulizwa mchana, ametulia, "Mama, siku tukilazimika kutoka, ungependa tukupeleke kwa nani?", huenda angekuwa na jibu tayari.

Sasa lile la nani aseme "tutoke". Nyumba yenu inagombania mtu: ukisema wewe, mavyaa anaona ameamriwa na mke wa mwanawe, akisema yeye "tukae", wewe unaona watoto watakufa, na anayesikilizwa na nyote wawili yuko baharini. Wazo langu ni mkubaliane alama, ili lisiwe neno la mtu. Mume wako apige mstari wa rangi kwenye ukuta wa uani, mbali na mlango, mahali maji yatapafikia kabla hayajaingia ndani. Mavyaa ndiye aseme mstari ukae wapi, maana yeye ndiye ajuaye maji yanapoanzia. Yakigusa mstari, watu wote wanatoka, hakuna mjadala, hata kama mvua imepungua. Siku hiyo hutakuwa umemwamuru mtu.

Na hapa nakurudisha kwenye jambo uliloliandika kama kwa bahati: mwezi ulikuwa umeandama siku mbili tatu, na ilikuwa karibu na alfajiri. Hiyo ni bamvua, mwanangu. Kwetu bamvua hujaa kati ya saa kumi na saa kumi na moja, alfajiri na jioni. Hori ilikuwa imejaa pomoni saa ile ile mvua ya usiku kucha ilipokuwa ikiteremka. Maji ya mfereji hayakuwa na pa kwenda, yakarudi kwenu. Ina maana nyumba yenu ina usiku wake mbaya unaojulikana mapema: mwezi mwandamo na mwezi mpevu, pamoja na siku chache zinazofuata, ndani ya msimu wa mvua. Mume wako anaweza kukuandikia usiku huo wote kwenye kalenda ya ukutani kabla masika hayajaanza. Utabiri ukisema mvua kubwa na kalenda ikasema bamvua, mavyaa anaweza kwenda kulala kwa jamaa tangu magharibi, kwa miguu yake, amejifunga buibui lake, amebeba dawa zake na tasbihi, kama mgeni anayekaribishwa. Na wewe hutakuwa na haja ya kukesha mwaka mzima. Tahadhari tu: mvua kubwa mno inaweza kuwafurikia hata wakati wa maji mafu, siku ambazo bahari haijai sana. Kalenda hupunguza usiku wa kukesha, haiufuti mstari.

Njia hii ina hatari yake na sitakuficha. Mstari haumwamshi aliyelala, kwa hivyo usiku wa mvua lazima mmoja wenu awe macho au jirani wa juu akubali kukupigia simu. Maji yanaweza kupanda upesi kuliko mlivyodhani. Na mavyaa anaweza kukubali mchana akakataa usiku. Basi vijana wa kumsaidia wajulikane kabla, waambiwe mapema wamfunike na waongee naye kwa heshima.

Kuhama ndiko kunakoondoa hatari hii moja kwa moja, na sikulaumu kukutamani. Ila tazama kwa makini unakohamia. Kabla hujatoa pesa za kodi nenda ukapaone mvua ikinyesha, tazama ukutani kama kuna alama ya maji, waulize wapangaji wa chini, na ghorofa yenye nyufa pana au nguzo zilizopasuka usiingie. Hatari nyingine ya kuhama unaijua: mavyaa anabaki peke yake bondeni, na usiku mume wako atagawanyika. Je, swali la kuhama limewahi kuulizwa likiwa na mavyaa ndani yake, sote pamoja, au limekuwa daima ni "sisi" na "yeye"? Huenda jibu likawa lile lile. Lakini nyumba inaweza pia kupangishwa miezi ya kiangazi, au kuinuliwa kizingiti na sakafu ya chumba kimoja, na hayo hujadiliwa na watu wasiogombana.

Kwenda Changamwe msimu wa mvua kuna nafuu kubwa kwa watoto. Gharama yake ni shule kuwa mbali, na lile neno unaloliogopa, kwamba umekimbia tena. Neno hilo hutegemea sana unavyoondoka. Kuaga wiki mbili kabla, kusema utarudi lini, na kumkaribisha mavyaa mwende wote, hata ukijua atakataa, hakufanani na kufunga virago siku ya ugomvi. Swali ni kama mume wako ataweza kukuelewa, na hilo utalipima wewe.

Yapo mambo yasiyohitaji ruhusa ya mtu, na haya nakusihi uyafanye wiki hii. Katika barua yako yote, sentensi iliyonitisha zaidi ni ile ya stima kuwaka na maji yameshaingia. Maji yakianza kupanda uani, zima swichi kubwa ukiwa umesimama pakavu na mikono mikavu. Kama yameshaifikia au umeshalowa, usiiguse, toka. Kaa mbali na nyaya zilizoanguka na milingoti iliyozungukwa na maji. Njia ya kwenda msikitini ipitieni na watoto mchana wa jua, mjue mashimo na mifereji isiyofunikwa iko wapi, maana usiku ikifunikwa na maji haionekani. Maji yanayokwenda kasi, hata sentimita 15 tu, yanaweza kumwangusha mtu mzima. Ukilazimika kupita, shika fimbo upime mbele kabla ya kukanyaga, na pakiwa na mkondo rudi utafute njia nyingine. Kwenye begi lako ongeza dawa za mavyaa za siku kadhaa, ushungi wake na leso mbili, vitambulisho na vyeti vya watoto ndani ya mfuko wa plastiki, nakala ya hati ya nyumba, tochi, filimbi na pesa taslimu kidogo, kwa sababu mtandao wa simu hukatika. Filimbi na tochi mpe mwanao azitunze. Mtoto mwenye hofu akipewa kazi yake hupata pa kuishika.

Maji yakishatoka, visima vya bondeni na vyoo vya shimo huwa vimechanganyika. Chemsheni maji ya kunywa au mtie klorini, tupeni chakula kilichoguswa na maji ya mafuriko hata kama kinaonekana kizima. Mtu akianza kuharisha, lita moja ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, anywe kidogo kidogo huku mkimkimbiza zahanati.

Niandikie tena ukishaongea na mavyaa wako kuhusu 1997. Ningependa kujua alisema nini. Na ikiwa mvua zitaanza kabla hamjaelewana, andika ukutani karibu na mlango, kwa herufi ambazo mwanao anaweza kuzisoma kizani kwa tochi, namba ya Msalaba Mwekundu wa Kenya: 1199. Haina malipo.

Shangazi